Kufufua Kerezo Kuukuu Nyuma ya Nyumba

Nenda ukaione mashine ukiwa na tochi, kipande cha bomba chenye urefu wa mkono, na kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa. Muuzaji atakuelekeza kwenye rangi mpya. Wewe tazama pale pasipopakwa rangi.

Kerezo la chuma lililochoka lina thamani kwa fundi wa Himo kuliko linavyoonekana likiwa limefunikwa turubai kwenye kona ya karakana ya mtu. Hapa njia panda malori yanakwenda Holili, mengine yanateremka Dar, mengine yanapanda Marangu na Rombo, na yote yana bushi zinazolika. Kila mtaa una mashine ya kusaga yenye shafti na puli. Ukishuka Kahe kuna pampu za kumwagilia. Ukipanda Kilema na Mwika kuna mashine za kumenya kahawa ambazo vipuri vyake havipo tena dukani. Sehemu kubwa ya kazi hizo hufungwa kwenye kiroba ikapandishwa Hiace kwenda Moshi kusubiri zamu.

Na makerezo yenyewe yapo. Mkoa huu wa Kilimanjaro umehitaji wakereza vyuma tangu zamani. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kampuni ya sukari ya TPC, kule Arusha Chini, ilianzishwa na Wadenmark mwaka 1930. Mashamba ya mkonge yalienea huku bondeni na ng'ambo ya pili, Taveta. Kazi za aina hiyo haziendi bila karakana, ndiyo maana ukiulizia vizuri unaweza kuonyeshwa Colchester au Harrison ya Uingereza, Myford ndogo ya mezani, au mashine ya Kihindi isiyo na jina lolote. Miaka ya 1980 kikaja kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools wilayani Hai, kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria ili nchi itengeneze mashine za kutengenezea mashine. Kama una uchaguzi, chukua yenye jina na namba. Namba ya usajili mara nyingi imegongwa kwenye kitanda upande wa mkiani, chini ya uchafu. Ukiipata, kutafuta michoro na vipuri kunakuwa kazi ya jioni moja kwenye simu.

Nitangulize jambo moja, kwa sababu ndilo litakaloamua pesa na muda wako viende wapi. Uchakavu haulingani kwa madhara. Upo unaotisha macho lakini haugusi kazi, na upo usioonekana unaoharibu kila shafti utakayokereza. Wanaoanza humalizia nguvu zao kwenye ule wa kwanza, wakapaka na rangi, kisha wakashangaa mbona beringi haiingii.

Kabla ya kulipa

Anza na kitanda, lile boriti la chuma cha kusubu linalobeba kila kitu. Juu yake kuna reli, nyingine bapa, nyingine zenye mgongo, na kigari kinachobeba kisu hutelezea hapo. Sehemu iliyo karibu na chaki, kile kishikio kinachobana kazi na kuizungusha, ndiyo inayolika zaidi, maana kazi fupi ndizo nyingi. Pitisha ukucha kukatiza reli: ukikwama kwenye ngazi ndogo, hapo ndipo kigari kilipoila reli kwa miaka. Kisha kaza kigari kidogo kidogo hadi kiteleze bila kucheza karibu na chaki, halafu kisukume mkiani. Kikigoma njiani, unajua sasa kitanda kimelika kiasi gani.

Usikimbie bado. Chukua shafti ya kipenyo cha milimita 40. Reli ikiwa imelika kiasi cha kukifanya kisu kishuke chini kwa milimita 0.1, kipenyo cha shafti kinabadilika kwa milimita 0.0005 tu. Maikromita yako haiwezi hata kuliona kosa hilo. Lakini kisu hicho hicho kikisogea mbele au nyuma kwa 0.1 ile ile, kipenyo kinakosea 0.2, na hapo beringi ama haiingii ama inaingia ikicheza. Kwa hiyo reli bapa iliyoshuka ni jambo dogo. Reli yenye mgongo iliyolika ubavu mmoja ndiyo ya kuogopa.

Kuupima ubavu huo bila vifaa vya kiwandani kunawezekana. Tafuta kwa wauza vyuma chakavu rodi ya shokapu ya lori au ya jeki ya tipa ambayo haijapinda wala kuchubuka. Rodi hizi husagwa kiwandani kwa usahihi mkubwa. Ibane kwenye chaki, funga saa ya kupimia kwenye kigari, ncha yake iguse rodi ubavuni kwa usawa wa kitovu, kisha tembeza kigari. Andika namba. Zungusha chaki nusu duara, tembeza tena, na uchukue wastani wa safari hizo mbili. Ukiruka hatua hii utapima kupinda kwa chaki ukidhani ni kitanda. Saa yenyewe si ghali, na ni afadhali uinunue kabla ya mashine.

Spindo, yaani shafti kuu inayobeba chaki, ipimwe kwa lile bomba. Lishike kwenye chaki, saa ya kupimia iguse pua ya spindo, halafu nyanyua bomba kwa nguvu za mkono mmoja na uliachie. Mchezo wa milimita 0.02 au 0.03 kwenye mashine kuukuu unavumilika, na mara nyingi unapungua kwa kukaza. Ukiona 0.1, ujue kuna beringi za kununua au shaba ya kukwangua. Zungusha pia kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa na mkanda umevuliwa, na usikilize. Mikwaruzo inayorudi mahali pale pale kila mzunguko ni beringi iliyoumia.

Nyufa ndizo huamua. Futa kichwa cha mashine, lile sanduku linaloshika spindo, na kigari kwa kitambaa chako chenye mafuta ya taa, kausha vizuri, kisha paka unga wa chaki ya shuleni. Subiri dakika kumi. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatarudi nje na kuchora mstari mweusi juu ya unga. Kigari kilichopasuka kinaweza kuunganishwa kwa shaba na fundi anayejua kupasha chuma cha kusubu polepole. Kichwa kilichopasuka penye makao ya beringi, iache mashine hiyo kwa mwenyewe, hata akikupa kwa bei ya kilo.

Hesabu na vinavyokwenda nayo: gia za kubadilishia, chaki ya taya nne, senta za mbele na za mkiani, kishikio cha visu. Kila kinachokosekana kishushe bei, kwa sababu utakinunua kipekee na kwa tabu. Halafu mtafute mzee aliyewahi kuiendesha. Mpe shikamoo, mkae mnywe chai, na umuulize jambo moja: ilisimama kwa nini? Mashine iliyosimama kwa sababu mota iliungua ni tofauti kabisa na iliyosimama kwa sababu kichwa kilikuwa kinalia.

Kuileta nyumbani

Myford ya mezani wanaume wanne wanaibeba na kirikuu inaimudu. Colchester Student inapita nusu tani. Hiyo inahitaji Kenta, winchi ya mnyororo, na watu wasio na haraka. Uzito wote uko juu na upande wa kichwa, ndiyo sababu mashine hizi huanguka. Sogeza kigari hadi mwisho wa mkiani ili kusawazisha, kifunge, ondoa chaki, na upitishe mkanda wa kunyanyulia chini ya kitanda. Usinyanyue kamwe kwa skrubu kuu ndefu ya mbele wala kwa spindo. Ikiwa chini, mabomba matatu na mtaimbo vinatosha kuifikisha bandani. Asimame mtu yeyote popote, ila si upande inakoweza kuangukia.

Kufungua

Piga picha kabla ya kila spana. Picha ya mbali, picha ya karibu, na kipimo cha mkono kikiwa ndani ya picha. Vifuko vya nailoni, kalamu isiyofutika na sinia kuukuu vinatosha kutunza bolti zote kwa mpangilio. Nasisitiza hili kwa sababu kazi ya nyumbani hukatizwa: msiba, mvua, ada za shule, na ukirejea baada ya miezi miwili hutakumbuka washa ile ilikaa upande gani.

Pini zinazofunga gia kwenye shafti nyingi ni nyembamba upande mmoja. Tafuta kichwa chenye kipenyo kidogo na ugonge hapo. Ukigonga upande mnene unaikaza, na utamaliza kwa kuitoboa. Tumia nyundo ya shaba, au kipande cha mti mgumu katikati, maana chuma cha kusubu hupasuka bila kukuonya. Ukikuta vibati vyembamba chini ya kichwa au kwenye vifuniko vya beringi, vihesabu, vipime kwa maikromita na uvirudishe kila kimoja mahali pake. Kiwanda kiliviweka ili kusawazisha. Na kama kichwa hakina kasoro yoyote, usikitenganishe na kitanda. Mafundi wengi hukifungua kwa sababu tu bolti zinaonekana.

Rangi za zamani nyingi zilichanganywa risasi. Usizipige msasa mkavu wala grainda. Zilainishe kwa kemikali ya kutolea rangi, uzikwangue zikiwa mbichi, ukusanye mabaki kwenye gazeti, na kazi hiyo isifanyike pale watoto wanapochezea au kuku wanapodonoa.

Uchafu wa mafuta utoe kwa mafuta ya taa au dizeli na brashi ngumu. Petroli iache kwenye pikipiki. Mvuke wake utaifuata cheche ya mlehemu wa jirani. Kwenye reli za kitanda hakuna msasa na hakuna brashi ya waya ya grainda. Tumia wembe ulioulaza na mafuta, kisha jiwe laini la kunolea, kwa mkono mwepesi. Kutu ikiacha madoa meusi, yaache. Madoa hayakatizi kigari.

Vipuri vidogo vyenye kutu nzito visafishwe kwa umeme na magadi, yale yale ya kulainishia maharage na makande. Jaza ndoo ya plastiki maji, weka kijiko cha magadi kwa kila lita. Kipuri kining'inie katikati kikiwa kimeunganishwa na upande hasi wa chaja ya betri ya volti 12. Kipande cha chuma cha kawaida, nondo kwa mfano, kiungwe upande chanya, visigusane. Acha usiku kucha nje, kwenye hewa, kwa sababu mapovu yale ni haidrojeni na inalipuka. Chuma kisichoshika kutu kisitumike upande chanya, kwani hutoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Asubuhi kutu itakuwa imegeuka matope meusi yanayotoka kwa brashi. Suuza kwa maji safi mengi, kwa maana magadi ya sokoni yana chumvi yake, kausha juani na upake mafuta papo hapo. Chuma kilichovuliwa kutu kinapata nyingine ndani ya saa moja. Springi na vipuri vilivyokomazwa usiviingize humo, vinaweza kuwa vikavu na kukatika.

Beringi za spindo zina kishawishi chake: kuziondoa zote na kununua mpya. Usifanye hivyo kabla ya kukaza nati ya nyuma, robo ya robo ya mzunguko kila mara, na kupima tena kwa bomba. Kisha endesha nusu saa. Kichwa kikiwa cha vuguvugu na mkono unakaa bila tabu, umefika. Kikiwa cha moto wa kukufanya uondoe mkono, legeza. Kama ni lazima ununue, soma namba iliyogongwa kwenye beringi yenyewe, nenda nayo mkononi, na usidanganywe na boksi. Bandia ni nyingi.

Gia iliyong'oka meno isikukatishe tamaa. Pima kipenyo chake cha nje kwa milimita, hesabu meno, ongeza mbili, kisha gawanya kipenyo kwa jumla hiyo. Gia ya meno 40 yenye kipenyo cha milimita 84 inatoa 84 kwa 42, yaani 2, na hiyo ni saizi ya kawaida ya vipimo vya milimita. Ukipata 1.27, mashine yako ni ya inchi: kwa Waingereza hiyo ni saizi 20. Ukiwa na namba hizo mbili, saizi na idadi ya meno, unaweza kwenda SIDO Moshi au kwa mchonga gia yeyote ukaeleweka bila kubishana.

Mafuta na vumbi

Oili chafu ya injini haiingii kwenye mashine hii. Ina masizi na vumbi la chuma, nawe umetoka kuviondoa. Oili ya haidroli namba 32 inafaa kwenye kichwa na namba 68 kwenye reli, na maduka yanayohudumia matipa na matrekta huwa nazo. Tambi za sufu ndani ya vikombe vya mafuta zibadilishe zote; hazionekani, kwa hiyo husahauliwa, na beringi za shaba hufa kwa ukavu zikiwa chini ya kikombe kilichojaa.

Grisi isiguse reli. Vumbi la kiangazi hapa Himo, linalotimuliwa na malori mchana kutwa, likichanganyika na grisi linakuwa dawa kamili ya kusugulia vyuma. Oili nyepesi, ifutwe jioni na ipakwe asubuhi. Meza ya grainda iwe upande wa pili wa banda, au bora nje kabisa. Kama nyumba yako iko juu, Marangu kwa mfano, adui ni ukungu: usiku bati hudondosha maji na chuma cha kusubu hubaki baridi hadi jua limepanda. Funika kwa shuka kuukuu la pamba lililopakwa mafuta. Nailoni huzuia unyevu ndani. Wakati wa masika, balbu ndogo ya kizamani ikiwaka chini ya kitanda hupandisha joto kiasi cha kuzuia umande.

Umeme

Mashine nyingi kubwa zina mota ya fezi tatu, na nyumbani kwako TANESCO wamekuletea fezi moja ya volti 230. Kabla ya kuitupa mota, soma kibao chake. Kikiandikwa 230/400, una bahati: kifaa cha kubadilishia umeme ambacho mafundi hukiita VFD kinapokea fezi moja na kutoa tatu za volti 230, nawe unaunganisha mota kwa mtindo wa delta. Kikiandikwa 400/690, mota hiyo itakosa nguvu kwenye volti 230. Kikiandikwa 415 peke yake, na ndani kuna waya tatu tu, ni kazi ya fundi wa kusuka mota kuufungua muungano wa ndani, au ununue mota ya fezi moja ya kasi ya karibu mizunguko 1,440 kwa dakika. Usiweke swichi kati ya VFD na mota. Kuzima na kuwasha kufanyike kwa vitufe vya VFD yenyewe.

Kwa mota iliyounganishwa moja kwa moja, kontakta ni lazima. Umeme ukikatika kontakta inaachia, na ukirudi mashine inabaki imelala mpaka mtu abonyeze. Swichi ya kawaida ya ukutani itaiamsha mashine mkono wako ukiwa kwenye chaki. Waya wa ethi ufungwe kwenye mwili wa mashine, chuma kwa chuma, mahali ulipokwangua rangi.

Angalia pia chaki inavyoshikwa. Mashine nyingi za zamani chaki yake inajifunga kwa nyuzi kwenye pua ya spindo. Ukizungusha kinyume kwa kasi, au ukiiwekea VFD breki ya ghafla, chaki inajifungua na kuruka. Weka muda wa kusimama uwe mrefu, sekunde kadhaa. Glovu, pete, kikoi, na mikono mirefu ya shati visikaribie. Ufunguo wa chaki usiachwe ndani yake hata kwa kufumba na kufumbua.

Kusawazisha

Hapa ndipo pa kutumia muda uliookoa kwenye rangi. Kitanda cha chuma kinaonekana kigumu, lakini kikikaa juu ya sakafu isiyo sawa kinajisokota, na msokoto ndio unaosogeza kisu pembeni, kosa lile linalozidishwa mara mbili. Mwaga zege, lipe siku 28 likomae, kisha kalisha mashine juu ya skrubu za miguuni. Pimamaji la mwashi linakuweka karibu tu. Kipimo cha mwisho kinakupa chuma chenyewe.

Bana kwenye chaki rodi ya chuma laini ya milimita 40, itokeze kama milimita 200, bila senta ya mkiani. Kereza katikati ili ubaki na mikanda miwili iliyotokeza, mmoja karibu na chaki na mmoja mwishoni. Kisu kiwe kikali. Pitisha mkato mwembamba wa 0.1 juu ya mkanda wa kwanza na wa pili bila kugusa mpini wa kisu, halafu pima yote miwili kwa maikromita. Mkanda wa mbali ukiwa mnene, kisu kinakikimbia kitovu kadiri kinavyokwenda mkiani: inua mguu wa mbele, ule ulio upande wako, mwisho wa mkiani. Ukiwa mwembamba, shusha huo huo. Kidogo kidogo, robo mzunguko wa skrubu, kereza tena, pima tena. Mikanda ikitofautiana 0.01 kwa urefu huo, acha, kazi za Himo hazihitaji zaidi. Rudia baada ya mwezi, zege na miguu vikishakaa.

Baada ya hapo ndipo ushughulikie mkia, kile kipande kinachobeba senta mkabala na chaki. Kereza rodi kati ya senta mbili, pima ncha zote, usogeze mkia kwa skrubu zake za pembeni mpaka vipimo vilingane. Wengi huanza na mkia, wakauhamisha ili kuficha msokoto wa kitanda, na kila kazi fupi ikaendelea kuwa ya koni.

Kukwangua reli za kitanda kizima kwa mkono, kwa rangi ya bluu na kipimo cha bapa, ni ufundi wa heshima, lakini si wa mwaka wako wa kwanza. Gibu, vile vibapa vyembamba vinavyobana slaidi, ndizo za kuanzia: zikwangue, zikaze, na nusu ya mtetemo utapotea.

Nyuzi za inchi, nyuzi za milimita

Mashine ya Kiingereza ya zamani huwa na skrubu kuu ya inchi, mara nyingi nyuzi 8 kwa inchi. Bodaboda ni za milimita, mabomba ya maji ni ya inchi, na Land Rover kuukuu ina vyote kwa pamoja. Kuvuka kutoka inchi kwenda milimita unahitaji gia ya meno 127, kwa sababu inchi moja ni milimita 25.4 kamili na 127 ni mara tano yake. Gia hiyo ni kubwa, huwa haitoshi ndani ya kifuniko. Jozi ya meno 80 na 63 inakaribia mno: kosa lake ni sehemu moja kati ya 8,000, yaani milimita 0.01 kwenye bolti ya urefu wa milimita 80. Hakuna nati itakayolalamika.

Ukikata nyuzi za milimita kwa skrubu ya inchi, usifungue nati ya kigari mpaka umalize. Rudisha kisu kwa kuzungusha mashine kinyume, na kama chaki yako ni ya nyuzi, fanya hivyo kwa gia ya polepole kabisa.

Anza na kazi zinazosamehe: pini za tela, bushi za toroli, puli za mashine ya kusaga. Halafu shafti za pampu, ambazo beringi zake zitakuambia ukweli siku ile ile. Ngoma za breki za malori, pamoja na kwamba ndizo zinazolipa na wenye malori watakubembeleza, zikatae mpaka mikanda miwili ya rodi yako iwe imelingana kwa miezi kadhaa mfululizo, na hata hapo pima kwanza kipenyo cha ndani. Kilichogongwa kwenye ngoma kuwa ndicho cha mwisho kikishafikiwa, mrudishie mwenyewe akanunue nyingine.